Wastani Una Sura Nyingi: Somo la Takwimu kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Ngara na Biharamulo

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitika katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025. Katika majuma hayo saba na ushei zilitajwa namba nyingi: wagonjwa 10, vifo 10, siku 21, siku 42, na kile kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja kila ugonjwa huu unapozuka, yaani wastani wa vifo wa takriban asilimia 50.

Msomaji makini atauliza: ikiwa wastani ni nusu, imekuwaje Biharamulo asipone hata mmoja kati ya wagonjwa waliohesabiwa? Na imekuwaje katika nchi jirani ya Rwanda, miezi michache tu kabla ya hapo, wapone zaidi ya robo tatu ya wagonjwa? Je, ule wastani ulikuwa uongo?

Haukuwa uongo. Ulikuwa jibu sahihi la swali ambalo wengi wetu hatukuwa tunaliuliza. Neno "wastani" hutumika kwa hesabu za aina kadhaa, na kila aina hujibu swali lake. Mhudumu anayezitofautisha ataagiza dawa za kutosha, atafuatilia watu kwa muda unaostahili na atamweleza mgonjwa ukweli. Mgonjwa anayezitofautisha hatatishwa wala kubembelezwa na namba isiyomhusu. Somo hili linahitaji kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu.

1. Wastani wa kawaida, namba ya kati na modi

Tuanze na mfano wa kubuni. Mganga mfawidhi wa zahanati moja anataka kujua wagonjwa wa homa hukaa siku ngapi nyumbani kabla ya kuja kupimwa. Anafungua kitabu cha wagonjwa wa nje na kuandika siku za wagonjwa tisa, akizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa:

1, 1, 1, 2, 2, 3, 3, 4, 28.

Wastani wa kawaida hupatikana kwa kujumlisha namba zote na kugawanya kwa idadi yake. Jumla ni 45. Tukigawanya kwa 9 tunapata siku 5.

Namba ya kati, ambayo wanatakwimu huiita mediani, hupatikana kwa kupanga namba kwa mfuatano na kuchukua ile iliyosimama katikati. Katika namba tisa, ya katikati ni ya tano: siku 2. Idadi ikiwa shufwa hakuna namba moja ya katikati, basi tunazichukua mbili za katikati, tunazijumlisha na kugawanya kwa 2.

Modi ni namba inayojitokeza mara nyingi kuliko nyingine. Hapa ni siku 1.

Hivyo tuna majibu matatu yaliyotoka katika kitabu kimoja: 5, 2 na 1. Mganga mfawidhi akiandika katika taarifa yake kwamba "wagonjwa wetu huchelewa siku 5", wilaya itadhani jamii nzima ya hapo inazembea, na huenda ikapeleka gari la matangazo vijijini. Ukweli ni kwamba wanane kati ya tisa walikuja ndani ya siku 4. Ni mgonjwa mmoja aliyeuvuta wastani juu. Tukimwondoa, jumla inakuwa 17, na 17 kwa 8 ni siku 2 na kidogo tu.

Hii ndiyo tabia ya wastani wa kawaida: kila namba ina kura, na namba kubwa mno ina sauti kubwa mno. Namba ya kati haisikilizi makelele hayo. Mgonjwa wa mwisho angekaa siku 28 au siku 280, namba ya kati ingebaki 2. Kwa hiyo mambo ambayo wachache huwa mbali sana na wenzao, kama vile muda wa kusubiri, siku za kulazwa, gharama za matibabu na kipato cha kaya, huelezwa vizuri zaidi kwa namba ya kati.

Hata hivyo, yule mgonjwa wa siku 28 asifutwe kitabuni kwa kuwa ameharibu hesabu. Homa ya majuma manne inaweza kuwa kifua kikuu, maambukizi ya VVU au ugonjwa mwingine mzito. Namba ya kati inatueleza habari za wengi, naye anatakiwa kuitwa kwa jina lake na kuchunguzwa.

2. Wastani wenye uzito: kisa cha Marburg

Turudi sasa kwenye swali la mwanzo. Tuchukue milipuko mitatu ya Marburg iliyotokea katika eneo letu la Maziwa Makuu ndani ya miaka miwili.

Wilaya ya Bukoba, Kagera, ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023: wagonjwa 9, vifo 6. Hiyo ni asilimia 66.7.

Rwanda, ilitangazwa tarehe 27 Septemba 2024: wagonjwa 66, vifo 15. Hiyo ni asilimia 22.7.

Biharamulo, Kagera, Januari 2025: wagonjwa 10, vifo 10. Hiyo ni asilimia 100.

Mtu wa kwanza atajumlisha asilimia tatu hizo na kugawanya kwa 3. Atapata asilimia 63.1. Mtu wa pili atajumlisha vifo vyote, ambavyo ni 31, na kugawanya kwa wagonjwa wote, ambao ni 85. Atapata asilimia 36.5. Mtu wa tatu atachukua namba ya kati, asilimia 66.7.

Wote watatu wamekokotoa sawasawa, na wote wanaweza kusema kwa haki kwamba wametaja namba ya kawaida ya vifo katika milipuko hiyo. Tofauti iko katika swali. Wa kwanza na wa tatu wameihesabu milipuko: kila mlipuko una kura moja, hata kama mmoja una wagonjwa 9 na mwingine 66. Wa pili amewahesabu watu: kila mgonjwa ana kura moja, kwa hiyo Rwanda, yenye wagonjwa wengi, imebeba uzito mkubwa. Hesabu hii ya pili ndiyo iitwayo wastani wenye uzito. Anayetaka kujua ni wagonjwa wangapi walikufa kati ya wote waliougua, lazima atumie hiyo.

Tuone jinsi uzito unavyofanya kazi. Tukiongeza mlipuko mkubwa wa Angola wa miaka ya 2004 na 2005, ambao Shirika la Afya Duniani huuhesabia wagonjwa 374 na vifo 329, yaani asilimia 88, jumla inakuwa vifo 360 kati ya wagonjwa 459. Wastani wenye uzito unaruka kutoka asilimia 36.5 hadi 78.4. Wastani wa kura moja kwa kila mlipuko unasogea kidogo tu, kutoka 63.1 hadi 69.3. Hakuna mgonjwa hata mmoja wa Kagera au Rwanda aliyebadilika. Tumebadilisha orodha tu. Kwa hiyo kila unapopewa wastani, uliza mambo mawili: nani amehesabiwa, na kila mmoja amepewa kura ngapi?

Lipo swali la tatu ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu: wagonjwa hao walipatikanaje? Biharamulo, wagonjwa wawili tu walithibitishwa na maabara. Wanane wengine waliwekwa katika kundi la wanaodhaniwa kwa dhati kuwa walikuwa na ugonjwa, baada ya wataalamu kurudi nyuma na kufuatilia vifo vilivyokwisha kutokea. Tunapohesabu kwa kuanzia kwenye makaburi, asilimia ya vifo lazima iwe kubwa, kwa kuwa aliyeugua kidogo na kupona nyumbani hana wa kumhesabu. Rwanda, wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya. Walitambuliwa mapema, wakapewa maji mwilini na uangalizi wa karibu katika vyumba vya wagonjwa mahututi, pamoja na dawa zilizokuwa bado katika majaribio.

Hapa ndipo takwimu inapokuwa suala la uhai. Mwananchi anayesikia "asilimia 100" anaweza kusema, "Ikiwa hakuna anayepona, nimpeleke mgonjwa wangu hospitali akafanye nini?" Akamficha ndani, na ndugu wanaomwosha na kumlisha wakaambukizwa. Asilimia hiyo inaeleza yaliyowapata watu 10 ambao wengi wao hawakutambuliwa wakiwa hai. Haikadirii nafasi ya mgonjwa anayefika leo. Hakuna bado chanjo wala dawa iliyoidhinishwa rasmi kwa Marburg, lakini matunzo ya mapema, hasa kurudisha maji na chumvi mwilini, huongeza nafasi ya kupona. Rwanda walipona wagonjwa 51 kati ya 66.

3. Pale ambapo wastani hautakiwi kabisa

Mtu aliyeambukizwa Marburg huanza kuugua kati ya siku 2 na siku 21 tangu kuambukizwa. Wengi huanza kuugua kabla ya siku hizo kwisha. Kwa nini basi aliyekutana na mgonjwa afuatiliwe kwa siku 21 zote, wakati wastani ni mfupi kuliko huo?

Jibu ni rahisi. Tukimwachia mtu siku ya wastani, baadhi yao watakuwa bado wamebeba ugonjwa usiojitokeza, nao wataingia sokoni, kanisani, msikitini na kilabuni. Katika kulinda wengine tunatumia kikomo cha juu. Siku 42 zinazosubiriwa kabla ya kutangaza kwamba mlipuko umekwisha ni siku hizo 21 mara mbili. Biharamulo, mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa alifariki tarehe 28 Januari 2025. Ukihesabu siku 42 kutoka hapo utafika tarehe 11 Machi, na tangazo la kumalizika lilitolewa siku mbili baadaye.

Wilaya ya Ngara inao mfano mwingine, mkubwa na wa kihistoria. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Wengi wao walikusanyika Benaco. Hebu tuwagawanye watu hao kwa siku 30 za mwezi huo: tunapata takriban 8,333 kwa siku. Kama ofisa mmoja angetayarisha maji, vyoo na chanjo ya surua kwa watu 8,333, angekuwa ameandaa sehemu moja tu kati ya thelathini ya mahitaji ya siku ile. Hesabu yake haina kosa, lakini hakuna siku hata moja ya mwezi ule iliyofanana na wastani huo.

Kisa hicho kinatufundisha kwamba wastani ni mzuri kwa mambo yanayokwenda kwa mwendo mmoja. Mambo yanayokuja kwa kishindo, kama mafuriko, kipindupindu na wakimbizi, hupangiwa kwa siku ile iliyo mbaya zaidi.

4. Wastani katika stoo ya dawa

Jambo hili huonekana kila mwaka katika zahanati zetu. Tuseme zahanati imetoa dozi za mseto wa malaria kwa miezi sita kama ifuatavyo: 40, 40, 50, 60, 160, 130. Jumla ni 480, na wastani ni dozi 80 kwa mwezi. Akiba ya dozi 80 itatosha na kubaki katika miezi minne ya kwanza. Katika mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeleta mbu, itakwisha katikati ya mwezi, na mama atakayefika na mtoto anayetetemeka kwa homa ataambiwa akanunue dukani. Kwa mkoa wenye misimu miwili ya mvua kama wetu, ni busara kukokotoa wastani wa msimu wa malaria kando na wastani wa miezi mingine, kisha kuagiza kabla ya mvua.

Kuna mtego mwingine unaojificha zaidi. Zahanati imetoa dozi 300 katika miezi mitatu. Wastani unaonekana kuwa 100. Lakini ukitazama daftari la stoo unagundua kwamba katika mmoja wa miezi hiyo dawa hazikuwapo kabisa. Dozi zile 300 zilitolewa katika miezi miwili, kwa hiyo mahitaji halisi ni 150 kwa mwezi. Sifuri ya mwezi ule haimaanishi kwamba wagonjwa hawakuwapo. Inamaanisha kwamba rafu ilikuwa tupu. Anayeagiza kwa wastani wa 100 ataishiwa tena, na upungufu wa mwezi uliopita utazaa upungufu wa mwezi ujao. Kanuni ni hii: gawanya kwa muda ambao dawa ilikuwapo, usigawanye kwa muda wote.

Hali ni hiyohiyo katika vyandarua. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Kwa kanuni ya chandarua kimoja kwa watu wawili, mtu anaweza kugawa vyandarua vitatu kila nyumba. Nyumba ya bibi anayeishi peke yake itakuwa na viwili vya ziada, na nyumba ya watu tisa, inayohitaji vitano, itawaacha watatu bila kinga. Hakuna nyumba yenye watu 4.3. Ugawaji hufuata idadi ya watu wa kila kaya.

5. Wastani jiometri na wastani wa mwendo

Wapo wasomaji, hasa wa maabara, watakaokutana na wastani wa aina nyingine mbili.

Idadi ya vimelea vya malaria katika damu hutofautiana kwa mara kumi na hata mara mia baina ya mgonjwa na mgonjwa. Tuchukue wagonjwa watatu wenye vimelea 100, 1,000 na 10,000 katika mikrolita moja ya damu. Wastani wa kawaida ni 3,700, namba iliyo mbali sana na wawili wa kwanza. Kwa namba zinazokua kwa kuzidishwa, hutumiwa wastani jiometri: tunazidisha namba zote, kisha tunatafuta kipeuo cha pili zikiwa mbili, kipeuo cha tatu zikiwa tatu, na kuendelea. Hapa 100 × 1,000 × 10,000 ni 1,000,000,000, na kipeuo chake cha tatu ni 1,000. Namba hiyo inawakilisha vema zaidi hali ya kundi hilo. Zingatia kwamba hesabu hii haiwezekani ikiwa namba mojawapo ni sifuri, kwa kuwa chochote kikizidishwa kwa sifuri ni sifuri.

Aina ya pili huhusu mwendo. Tuseme kituo cha afya kiko kilomita 60 kutoka hospitali. Gari la wagonjwa linatoka hospitali likiwa tupu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na linarudi na mama anayevuja damu, polepole kwa sababu ya tope, kwa kilomita 30 kwa saa. Wengi watasema wastani wa mwendo ni 45. Tukokotoe kwa saa: kwenda saa 1, kurudi saa 2, jumla saa 3 kwa kilomita 120. Wastani ni kilomita 40 kwa saa. Huu huitwa wastani hamoniki, na sababu yake ni kwamba gari lilitumia muda mrefu zaidi katika mwendo wa polepole. Aliyepanga kwa mwendo wa 45 alitegemea saa 2 na dakika 40. Dakika 20 alizozisahau ni nyingi mno kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Katika rufaa, hesabu saa; usihesabu mwendo.

6. Kwa mgonjwa: shinikizo la damu na sukari

Mgonjwa naye ana wastani wake wa kukokotoa. Shinikizo la damu hupanda na kushuka kutwa nzima, na kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Anayejipima nyumbani hushauriwa kupima asubuhi na jioni, mara mbili kila awamu, kwa siku saba, akiwa ameketi na kupumzika kwa dakika tano. Vipimo vya siku ya kwanza huachwa, kwa sababu mtu huwa bado ana wasiwasi na mashine.

Tuseme wastani wa namba ya juu kwa kila siku ulikuwa: 155, 138, 136, 134, 132, 134, 130. Siku zote saba zinatoa wastani wa 137. Tukiacha siku ya kwanza, jumla ya sita zilizobaki ni 804, na wastani ni 134. Kwa vipimo vya nyumbani, mpaka ni 135 kwa 85. Siku moja ya wasiwasi ingeweza kumvusha mtu huyu mpaka na kumwanzishia safari ya vidonge vya kila siku. Uamuzi wa kuanza, kubadili au kuacha dawa hubaki kwa daktari. Kazi ya mgonjwa ni kuleta daftari lenye vipimo vyote, bila kuchagua vile vinavyopendeza.

Muuguzi anaweza kulieleza hivi:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Naona mashine imesema 155. Ndiyo nimekwisha?"

"Hapana, babu. Hiyo ni siku moja. Mtu hapimwi tabia kwa siku aliyokasirika. Tutaitazama wiki nzima, kisha tuone inakaa wapi."

Kwa mgonjwa wa kisukari tahadhari ni kubwa zaidi. Aliyepata 2.8 asubuhi na 11.2 jioni ana wastani wa 7.0, namba inayopendeza machoni. Lakini 2.8 ni sukari iliyoshuka kiasi cha kuweza kumwangusha na kumpotezea fahamu, na 11.2 iko juu. Hatari mbili zimejumlishwa zikaonekana kama salama. Hata kile kipimo kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita ni aina ya wastani, nacho chaweza kuficha mashuko ya usiku. Kwa hiyo andika kila kipimo pamoja na saa yake.

Vilevile, usisubiri wastani unapoona dalili za hatari. Shinikizo likifika 180 kwa 120 au zaidi likiambatana na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuchanganyikiwa au upande mmoja wa mwili kulegea, nenda hospitali saa ileile.

7. Mambo manne ya kuandika kando ya kila wastani

Anayeandaa taarifa ya kituo, na anayeisoma, ahakikishe wastani umeandikwa pamoja na haya:

Kwanza, ni wastani wa aina gani: wa kawaida, wenye uzito au namba ya kati.

Pili, umetokana na watu wangapi. Asilimia 100 ya watu 10 na asilimia 100 ya watu 1,000 hazina nguvu moja.

Tatu, namba ndogo kabisa na namba kubwa kabisa, ili msomaji aone mtawanyiko.

Nne, nani hakuhesabiwa: waliofia nyumbani, waliokwenda kwa waganga wa jadi, waliovuka mpaka kutibiwa Burundi au Rwanda, na miezi ambayo dawa hazikuwapo.

Mazoezi

1. Katika kijiji cha kwanza walijifungua akina mama 10, na 5 kati yao walijifungulia kituoni. Katika kijiji cha pili walijifungua 90, na 81 walijifungulia kituoni. Ni asilimia ngapi ya akina mama wote walijifungulia kituoni?

2. Wagonjwa sita walisubiri dakika 10, 15, 20, 25, 30 na 200. Tafuta wastani wa kawaida na namba ya kati. Ipi utaibandika ukutani kuwaeleza wagonjwa watarajie kusubiri muda gani?

3. Zahanati ilitoa dozi 240 za mseto katika miezi minne, na mwezi mmoja kati ya hiyo haikuwa na dawa kabisa. Mahitaji ya mwezi ni kiasi gani?

Majibu

1. Ni 86 kati ya 100, yaani asilimia 86. Aliyejumlisha 50 na 90 na kugawanya kwa 2 amepata 70, na kijiji chenye akina mama 10 amekipa kura sawa na chenye 90.

2. Wastani wa kawaida ni dakika 50. Namba ya kati ni dakika 22 na nusu. Ukutani bandika namba ya kati. Kisha mtafute aliyesubiri dakika 200 na uulize ni nini kilimkwamisha.

3. Gawanya 240 kwa miezi 3: dozi 80. Ukiagiza 60, utaishiwa.